Mchoro Usio na Mwenyewe: Mzee Punch na Kuta za Mlimani

Katika historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yuko mwandishi aliyesomwa na karibu kila mwanafunzi wa zama zake, akaogopwa kuliko mhadhiri mkali, na jina lake la kweli halikuwahi kuonekana chini ya kazi yake. Wanafunzi walimwita Mzee Punch. Alikuwa gazeti la ukutani: karatasi zenye vibonzo na maneno makali, zilizobandikwa kwa siri ili kukipambazuka watu wakusanyike, wasome, wacheke, na habari izagae mabwenini kabla ya mhadhara wa kwanza. Aliyechorwa hakuwa na wa kumjibu. Aliyethubutu kuchana karatasi alijua kwamba huenda zamu inayofuata ikawa yake. Kufikia miaka ya 1980 Punch alikuwa desturi iliyokomaa pale Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, na mwaka 1990 desturi hiyo ikagharimu uhai wa mtu. Tangu hapo habari zake husimuliwa kwa namna mbili. Wengine husema alikuwa chombo kizuri cha kukosoa wakubwa, kikaharibiwa na wahuni wachache. Wengine husema alikuwa uhuni tangu mwanzo, na kwamba dawa yake ilikuwa moja tu, marufuku. Simulizi zote mbili zinakwepa swali la msingi: kwa nini chuo kilichowahi kuwa na waandishi hodari kuliko vingi barani Afrika kiliishia kusemewa na karatasi isiyo na jina? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba ubaya wa Punch haukutokana na ukali wa kalamu yake. Ulitokana na kukosa mwenyewe, na walioadhibu kila aliyeandika kwa jina lake walichangia sana kuulea.

Tuanze na walioandika kwa majina yao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walisimama mchana kweupe mbele ya Rais Nyerere, wakasoma walichoandika, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Kizazi kilichofuata kilikuwa cha mrengo wa kushoto. Mwaka 1969 chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF kilianzisha jarida la Cheche, lililochapwa kwa mashine ya kawaida ya kurudufu lakini likasomwa mbali kuliko mashine hiyo ilivyostahili. Wahariri wake walijulikana: Karim Hirji, Henry Mapolu, Zakia Meghji. Mwaka 1970 jarida hilo lilitoa toleo maalum lililobeba uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini Tanzania. Yalikuwa madai mazito, yenye takwimu na jina la mwandishi, na yalijibiwa kwa hoja na wasomi wengine. Novemba mwaka huohuo serikali ikakifunga chama na jarida lake. Sababu zilizotolewa ni kwamba jina Cheche liliazima itikadi ya kigeni, na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitosha kwa wanafunzi wote.

Mfululizo haukuishia hapo. Julai 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alijikuta mikononi mwa askari wa Kutuliza Ghasia na kuondolewa chuoni, baada ya uongozi wake kumwandikia makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi ya kulalamikia namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa. Machi 1978 wanafunzi wakaandamana tena, safari hii kupinga mishahara na marupurupu mapya ya mawaziri na wabunge. Mamia wakafukuzwa, chama chao cha DUSO kikapigwa marufuku, na mahali pake kikawekwa MUWATA, chombo kilichofungwa chini ya mbawa za chama tawala. Ukiyapanga matukio haya manne utaona yana sura moja. Kila mara aliyeadhibiwa alikuwa amesimama hadharani na kusema, hili nimelisema mimi. Somo ambalo mwanafunzi mwenye akili alilipata halikuwa kwamba kusema ni hatari. Alijifunza kwamba hatari ni kusema huku unajulikana.

Mtu aliyejifunza somo hilo angegeukia wapi? Jarida lilihitaji mashine ya kurudufu, wino, rimu za karatasi na ruhusa ya ofisi fulani, na kila kimojawapo kingeweza kunyimwa. Ukuta haukuhitaji chochote kati ya hivyo. Karatasi moja, kalamu nene na gundi vilitosha, na mchoro ulisomwa na watu mia kwa gharama ya nakala moja. Hii haina maana kwamba Punch alizaliwa siku Cheche lilipofungwa. Kejeli za ukutani huwepo popote vijana wanapokaa pamoja, na kwa muda kejeli hizo na maandishi yenye majina yaliishi bega kwa bega. Kilichobadilika ni uwiano. Maandishi yenye majina yalipokuwa hai, mzaha wa ukutani ulikuwa kitoweo. Yalipopungua, ukawa ndio chakula. Na kwa kuwa kulikuwa na malalamiko ya kweli dhidi ya uongozi, na Punch hakusita kuwachora wakubwa, wanafunzi wengi walimwona kama shujaa wao. Sifa hiyo ndiyo iliyomlinda alipoanza kuwageukia wasio na mamlaka yoyote.

Waliogeukiwa zaidi ni wanawake, na hili nalo lina historia yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Muda si mrefu wanawake wakaondolewa sharti hilo, kwa kuwa ilihofiwa kwamba wakirudi nyumbani na kuolewa wasingerejea tena masomoni. Uamuzi ulikuwa wa busara, ila ulileta chuoni makundi mawili yasiyolingana. Upande mmoja walikuwa wanaume wa makamo kidogo, waliokwisha kushika vyeo, kulipwa mishahara, na wengine kuoa. Upande wa pili walikuwa wasichana waliotoka kidato cha sita, wachache kiasi kwamba hawakufika robo ya wanafunzi wote. Wengi wa wanaume hao waliamini kwamba wasichana walipata nafasi kwa upendeleo. Chuki hiyo haikuwa na pa kusemewa kwenye mjadala wa heshima, kwa kuwa kwenye mjadala ingedaiwa ushahidi. Ukutani haikudaiwa kitu. Msichana aliyemkataa mwanafunzi mwenzake, aliyeonekana na mtu wa mjini, au aliyedhaniwa tu kuwa na mhadhiri, angeweza kuchorwa kwa namna ya kumvua nguo mbele ya chuo kizima. Hata ambaye hakuwahi kuchorwa aliishi akihesabu hatua zake: aketi na nani bwaloni, ajibu vipi salamu, arudi bwenini saa ngapi. Chombo kilichosifiwa kwa kuwatisha wakubwa kilikuwa kimefanywa fimbo ya kuwachunga wadogo.

Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua. Kwa miezi alikuwa ameandamwa na wanafunzi wa kiume kwa ajili ya kukataa kwake, na jina la Punch lilitumika kumtia hofu. Jina lake mwenyewe limekwisha kuandikwa vya kutosha. Hapa halina haja ya kubandikwa tena. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na kilichokuwa na jarida lake, Sauti ya Siti, kililifanya tukio hilo kuwa suala la taifa. Waandishi wake waliuliza kile ambacho chuo kilikuwa kimezoea kutokuuliza: ni nani aliyekuwa anachora, nani alijua, na kwa nini ofisi zilizoweza kumtambua kiongozi wa maandamano kati ya maelfu hazikuweza kumtambua mtu anayebandika karatasi kwenye ukuta wake. Punch akapigwa marufuku. Mei mwaka huohuo, kufuatia mgomo wa wanafunzi, chuo chenyewe kikafungwa na kubaki hivyo hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Kwa upande wa sheria, harakati zilizochochewa na kifo kile zilikuwa miongoni mwa zilizochangia kupitishwa, mwaka 1998, kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ambayo kwa mara ya kwanza iliufanya udhalilishaji wa kijinsia kuwa jinai inayotajwa waziwazi.

Ili kuona kwamba kukosa mwenyewe ndiko kulikouzidi ukali wa kalamu, inafaa kulinganisha na kisa kingine cha zama za Cheche. Februari 1969, katika Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani, mwanafunzi wa shahada ya juu ya uandishi wa habari, Barbara Papish, aligawa gazeti lililoitwa Free Press Underground. Ukurasa wake wa mbele ulikuwa na katuni ya polisi wakibaka Sanamu ya Uhuru na mungu wa kike wa Haki, na ndani yake mlikuwa na kichwa cha habari chenye tusi zito. Aliligawa siku ambayo wanafunzi wa sekondari na wazazi wao walikuwa wamekuja kukitembelea chuo. Chuo kikamfukuza kwa kukiuka maadili. Papish akaenda mahakamani, akashindwa ngazi za chini, na tarehe 19 Machi 1973 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikampa ushindi kwa majaji sita dhidi ya watatu. Wengi wao walisema kwamba chuo cha umma hakiwezi kuzuia kuenezwa kwa mawazo kwa kisingizio tu cha kuchukiza ustaarabu. Kinaweza kuweka utaratibu wa mahali na wakati, na hakiwezi kufukuza mtu kwa maudhui. Majaji watatu waliopinga, wakiongozwa na Rehnquist na Burger, waliona kwamba chuo kina haki ya kudai adabu kutoka kwa wanaokitumia.

Msomaji anaweza kukubaliana na sita au na watatu. Jambo la kuangalia ni kwamba ugomvi ule uliweza kuamuliwa. Mgawaji wa gazeti alijulikana, adhabu yake ilijulikana, hoja za pande zote zikaandikwa, na miaka minne baadaye ikapatikana kanuni ambayo wanafunzi wa baadaye waliweza kuitegemea. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba katuni ya Missouri ilitumia ubakaji kama mfano wa siasa, na hilo lenyewe ni dharau kwa wanawake. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, aliyechukizwa Missouri alijua amlalamikie nani, angeweza kumwandikia mhariri, kumsusia, kumbishia ana kwa ana. Na waliovuliwa nguo katika mchoro ule walikuwa dola na mahakama zake, wala si msichana wa mwaka wa kwanza ambaye kesho yake angepita bwaloni. Mfano mwingine wa zama hizo ni wa upole zaidi. Mwaka 1968 mwanafunzi wa Yale, Garry Trudeau, alianza kuchora katika gazeti la chuo hadithi ya vibonzo iliyomdhihaki nahodha wa timu ya mpira, shujaa wa chuo kizima. Mwaka 1970 hadithi hiyo ikawa Doonesbury, na mwaka 1975 Trudeau akapata tuzo ya Pulitzer kwa kuwachora wanasiasa wa taifa zima. Ukali wake ulikua pamoja na jina lake, kwa sababu kila kibonzo kibaya kilimrudia yeye.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito. Katika nchi ya chama kimoja, ambako barua ya wazi ilileta askari, kudai jina kwa kila mchoro ni kudai kimya. Mnyonge amekuwa akijificha tangu zamani, na si kila anayejificha ni mwoga. Hilo ni kweli, na ndiyo maana lawama hapa haiishii kwa wachoraji. Lakini uficho una uhalali kwa kadiri ya hatari anayoikimbia mwenye kuficha. Anayemchora waziri anakimbia kufukuzwa na kufungwa. Anayemchora mwanafunzi mwenzake aliyemkataa, anakimbia nini? Hakuna askari atakayekuja kwa ajili yake. Anachokikwepa ni kuangaliwa usoni. Pale aliyechorwa ana nguvu kuliko mchoraji, uficho ni ngao. Pale mchoraji ana nguvu kuliko aliyechorwa, uficho uleule ni mtego. Ugumu wa Punch ni kwamba vyote viwili vilivaa joho moja, hivyo kila aliyetaka kumzuia wa pili aliambiwa anamsaliti wa kwanza.

Pingamizi la pili hutoka upande wa utamaduni. Husemwa kwamba utani, vijembe na kumsema mtu kwa mafumbo ni mila zetu, na Punch alikuwa ni mila hizo zikiwa zimepanda Mlimani. Ukizichunguza mila zenyewe, zinashuhudia kinyume. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliwarushia wapinzani wake wa Lamu mashairi makali, nao wakamrudishia, na kila upande ulijua beti zimetoka kwa nani. Washairi wa magazetini, tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, walilumbana kwa miaka mingi wakiweka majina yao au majina ya kishairi ambayo wasomaji waliyafahamu, na wengi wakataja hata mji wanakotoka. Katika miaka ya 1990 mipasho ya taarabu kati ya vikundi vya TOT na Muungano iliwatoa watu jasho, lakini mwimbaji alisimama jukwaani kwa sura yake, na wiki iliyofuata alijibiwa. Hata katuni za mjini, kuanzia Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru hadi wahusika wa jarida la Sani, zilichezea tabia za aina za watu: mshamba, mjanja, mpenda makuu. Utani wa Kiswahili una masharti mawili ya kale, kwamba mtani anajulikana na anayetaniwa ana haki ya kurudisha. Punch aliyavunja yote mawili. Kumwita mrithi wa mila hiyo ni kuidhulumu mila.

Pingamizi la tatu linasema kwamba yote haya ni falsafa: Punch alipigwa marufuku, mambo yakaisha. Marufuku ile ilikuwa ya haki, kwa sababu kutishia mtu si kutoa maoni, na hakuna hoja ya uhuru wa kusema inayoweza kumlinda anayemwandama binadamu mwenzake hadi kaburini. Ila marufuku ilikuja ikiwa imechelewa na ikiwa pungufu. Ilichelewa kwa sababu miaka yote ile chuo kilikuwa na njia za kumtafuta mchoraji, kikazitumia kwa ukali palipoguswa mamlaka na kwa ulegevu palipoguswa wasichana. Ilikuwa pungufu kwa sababu ilifunga ukuta bila kufungua ukurasa. Mwanafunzi aliyekuwa na lalamiko la kweli mwaka 1990 hakuwa na gazeti la kuaminika kuliko aliyekuwa nalo mwaka 1970. Alikuwa na pungufu. Palipokosekana uwanja wa kusema kwa jina, ofisi ya kupokea malalamiko ya unyanyasaji pia haikuwapo, na aliyeonewa na aliyechukizwa na uongozi wote wawili walibaki na njia ileile, minong'ono.

Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kusomwa leo na watu ambao hawajawahi kukanyaga Mlimani. Ukuta umehamia kwenye simu, na karatasi iliyosomwa na watu mia sasa inafikia laki kwa saa moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 nchini Tanzania zilitetewa kwa hoja ya kuwalinda raia dhidi ya matusi na uzushi. Uzito wake umemwangukia kwa urahisi zaidi mwenye blogu iliyosajiliwa kwa jina lake, kwa kuwa ndiye anayepatikana. Msichana ambaye picha zake zinasambazwa na akaunti isiyojulikana bado huambiwa mhusika hajapatikana. Ni mizani ileile ya miaka ya 1970 na 1980, nayo itazaa matunda yaleyale. Chuo, au nchi, inayotaka kejeli yenye adabu haina budi kuanza kwa kumwacha salama anayesaini kejeli kali dhidi ya wenye nguvu, kisha imfuatilie bila ajizi anayejificha ili kumwonea asiye na nguvu. Kufanya la pili bila la kwanza kutaonekana ni ukandamizaji, na wengi watamficha mkosaji wakidhani wanamficha mpigania haki. Kufanya la kwanza bila la pili kutawaacha wanyonge peke yao. Mlimani hapakufanyika hata moja kwa wakati wake, na aliyelipa hakuwa waziri, wala makamu mkuu wa chuo, wala Mzee Punch.